Roboti yenye sura ya mnyama haijiendei yenyewe

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Ngamiani, Tanga, ilizuka hoja kwamba zile roboti za kurekodi wanyama porini hujiendea zenyewe, na kwamba wanyama huziona ndugu zao kabisa. Mzee mmoja alishaanza kuhofia zikiletwa hifadhi ya Saadani tembo watachanganyikiwa.

Kwanza, hazijiendei. Nyingi hukaa palepale zilipowekwa. Kinachocheza ni shingo, kope, masikio na mdomo, kwa mota ndogo. Kamera imefichwa jichoni, na mtu amejificha mbali kidogo, rimoti mkononi. Ni kikaragosi cha gharama, basi.

Hilo la kudanganyika ndilo lenye utamu. Mwaka 2017 BBC ilionyesha kima aina ya langur, huko India, wakidondosha kitoto cha roboti. Kilipolala bila kucheza, walikizunguka kimya, wengine wakakumbatiana. Watazamaji wakasema: msiba. Huenda. Lakini kamera ilinasa walichofanya, haikunasa walichowaza, na mimi nasita kuwawekea tanga kima kwa ushahidi wa dakika chache.

Tena si wote wapole. Dubu weupe wa Aktiki wamewahi kuzivunja kamera zilizofichwa ili kuwarekodi.

Mnyama ana pua, na ngozi ya silikoni ya roboti hainuki kama ukoo wake. Tembo wa Saadani angeanza na mkonga: anuse, aguse, pengine asukume. Mpiga picha anachotafuta ni hizo dakika za udadisi tu, kwa ukaribu ambao yeye mwenyewe asingethubutu kuufikia.