Kwa nini matza ya Pasaka huokwa ndani ya dakika 18?

Matza ni mkate mwembamba, mkavu, ambao Wayahudi hula siku za Pasaka: siku 7 Israeli, 8 kwa wengi walio nje. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa upesi kwamba hamira ni haramu kwao siku hizo. Jibu hilo limezoeleka, nalo si sahihi. Usiku wa kwanza mezani hunywewa vikombe vinne vya divai, na hakuna divai isiyopitia chachu.

Kinachokatazwa ni hametsi, yaani ngano, shayiri, kusemethi na jamaa zao wawili zikishakutana na maji na kuachwa ziumuke. Hata usipotia hamira, unga una chachu yake. Na hapa ndipo penye utamu: matza yenyewe sharti itokane na nafaka hizohizo. Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema mchele ukilowa huoza tu, hauumuki. Basi mkate wa mchele, hata uwe mkavu kama kigae, hautimizi amri ya kula matza usiku ule wa kwanza. Unga usioweza kuharibika kwa kuumuka hauwezi kuwa matza.

Dakika 18 zimetoka wapi? Talmudi ilipima muda wa donge kuumuka kwa mwendo wa miguu: mil moja, kipimo cha kale cha kama kilomita moja hivi. Marabi waliokokotoa baadaye wakapata 18, wengine 22 na nusu, wengine 24. Kwa tahadhari ikashikwa ndogo. Kwa jicho, donge la unga na maji matupu halionyeshi kuumuka kwa muda huo. Ni mpaka wa sheria.

Saa yenyewe ina tabia ya maziwa jikoni. Ukiwa unakoroga, hayafuriki; ukiacha mwiko yakiwa bado baridi, una nafasi; ukiuacha yakiwa yameshapata moto, ukigeuka tu yamemwagika. Donge nalo, kisheria, haliumuki likiwa linakandwa. Lakini likishapata joto la mikono kisha likaachwa, hazisubiriwi tena dakika 18: huhesabiwa limeumuka papo hapo. Ndiyo maana maji huchotwa jioni na kulazwa usiku kucha yapoe, na unga hukaa chumba mbali na maji. Siku hizi waokaji wengi hawategemei ruhusa ya kukanda. Huhesabu dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie tanurini.

Kilo moja ya unga hupata maji yasiyozidi nusu lita, bila chumvi. Donge hukatwa, husukumwa jembamba, kisha hupitishiwa gurudumu la meno. Wengi hudhani matundu yale ni pambo. Kazi yake ni kutoa mvuke, maana matza ikifura tumbo katikati hukataliwa. Ikikunjwa tanurini, sehemu ya kukunjwa huvunjwa na kutupwa, kwa kuwa ndani moto haukufika vizuri. Kila awamu ikiisha, mikono huoshwa, karatasi ya mezani hubadilishwa na vifimbo vya kusukumia husuguliwa msasa. Kibonge kilichosahaulika kwenye ufa kinatosha kuharibu awamu inayofuata.

Wala ukavu si sharti. Wayahudi wenye asili ya Yemen huoka matza laini ya kukunjika kama chapati, kwa dakika 18 zilezile. Ila kesho yake huwa ngumu, kwa hiyo huokwa upya karibu kila siku.