Je, wajua? Elektroni za sebuleni kwako zilinunuliwa Kariakoo

Uniti zilituishia saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza imeanza. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita, hakulalamika kama wenzake. Alikaa kimya gizani, halafu akauliza: "Shangazi, sasa hivi nyaya za ukutani ziko tupu?"

Nusura nimjibu ndiyo. Si ndivyo tunavyosema? Umeme umeisha, umeme umekatika, na ukiwaka watoto wa Tabata nzima wanapiga kelele kwamba umerudi. Kitu kinachoisha, kinachoondoka na kurudi, bila shaka kinaacha nafasi wazi kikiwa hakipo.

Jibu ni hapana. Zile nyaya zilikuwa zimejaa elektroni, chembe ndogo mno ambazo mwendo wake ndio mkondo wa umeme, vilevile kama dakika tano kabla, tulipokuwa tunatazama habari. Na elektroni hizo hazikutoka kwenye bwawa la Rufiji wala kwenye mitambo ya gesi ya Ubungo. Zilitoka Kariakoo, ndani ya roli la waya alilonunua fundi nyumba ilipokuwa inajengwa, na tangu siku hiyo zipo humo humo.

Najua inavyosikika, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea jambo hili kwa miaka mingi, na kwa kujiamini. Kidato cha pili tulichorewa betri moja na balbu mbili zinazofanana, zimefuatana kwenye njia moja, tukaulizwa ipi itawaka zaidi. Nikaandika: ya kwanza, kwa sababu inaukuta umeme ukiwa bado mwingi, ya pili inapata makombo. Jibu lilinipendeza hadi nikalipigia mstari. Nikapewa sifuri, na kwa muda mrefu niliamini aliyekosea ni msahihishaji.

Nalitetea kidogo lile jibu, maana kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam lina mantiki. Nyumba iliyo karibu na bomba kubwa inajaza ndoo zake zote, ya mwisho huko juu inapata matone. Kwenye foleni ya ubwabwa wa harusini, wa nyuma wanakutana na ukoko. Na mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, iko ukutani inahesabu kurudi chini, kana kwamba friji na pasi vina midomo. Kila kitu kinakufundisha kwamba umeme ni chakula na balbu ni mlaji.

Sasa, kama balbu inakula umeme, balbu ya kwanza ni ipi? Vitabu vinasema mkondo unatoka upande chanya wa betri kwenda hasi. Elektroni zenyewe zinakwenda kinyume, kutoka hasi kwenda chanya. Hilo si fumbo, ni ajali ya kihistoria: majina ya chanya na hasi yalipangwa karne ya 18, enzi za Benjamin Franklin, na elektroni ikaja kutambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, wakati kila mtu ameshazoea kuchora mishale upande ule mwingine. Kwa hiyo balbu yangu "ya kwanza" ilikuwa ya kwanza kwa mujibu wa daftari na ya mwisho kwa mujibu wa elektroni. Balbu haijui kusoma daftari. Zote mbili zinawaka sawasawa, na ukigeuza betri zinaendelea kuwaka sawasawa.

Kesho yake tulijaribu barazani. Betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja, nyaya za chaja iliyokufa tulizozimenya ncha, selotepu, na balbu mbili za tochi za kizamani zenye kiuzi ndani. (Hizo balbu zilinisumbua kupata, tochi za siku hizi ni LED, na LED ina ubishi wake: ukiigeuza upande haiwaki, na mbili zikifuatana kwenye volti 3 kwa kawaida hazitoi hata cheche ya mwanga. Ukitumia hizo utadhani sayansi ni uongo.) Umeme wa ukutani hatukuugusa, na wewe usiuguse, volti 230 hazina mzaha, na kila kitu kinachoelezwa hapa kinaonekana kwa betri za tochi.

Balbu moja peke yake iliwaka vizuri. Tulipoongeza ya pili mbele yake, zote zikafifia pamoja, kwa kiwango kimoja. Fundi simu wa jirani akatuazima multimita, kifaa cha kupimia umeme. Tulipima mkondo kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu mbili, na baada ya ya pili. Ampea 0.22, 0.22, 0.22. Mtoto alirudia kupima katikati mara tatu, akimshuku fundi kwa mita mbovu. Namwelewa. Makombo yalikuwa wapi?

Hapa ndipo mnyororo wa baiskeli unaposaidia kuliko maji ya bomba. Miguu yako kwenye pedali ni betri. Tairi la nyuma ni balbu. Mnyororo ni elektroni, na tayari umezunguka wote, kuanzia mbele mpaka nyuma, kabla hujapanda baiskeli. Ukikanyaga, tairi la nyuma linazunguka papo hapo. Halisubiri pingili ya mbele isafiri ifike nyuma, kwa kuwa huko nyuma kuna pingili nyingine tayari, na zote zinavutana kwa pamoja. Na kila pingili inayokwenda nyuma inarudi mbele. Hakuna tairi lililowahi kula pingili. Idadi yake ni ile ile asubuhi na jioni, hata kama umeendesha kutoka Mbagala mpaka Mwenge.

Kuna kilicholiwa, lakini. Ni nguvu zako. Wewe ndiye unayehema.

Sasa panda kutoka Jangwani kwenda Magomeni, umempakia mtu nyuma na gunia la mkaa juu yake. Mnyororo unapunguza mwendo, na unapungua wote, si kile kipande tu kilichokwisha kupita kwenye tairi. Haiwezekani mnyororo mmoja ukimbie mbele na kutambaa nyuma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa balbu zetu mbili: ya pili iliongeza ukinzani, yaani ugumu wa kupita, na mzunguko mzima ukapunguza mwendo, kabla ya balbu na baada ya balbu. Ndiyo maana mita ilisema 0.22 kila mahali. Balbu ya kwanza ilifichua kuwepo kwa ya pili kabla elektroni yoyote haijasafiri kutoka huku kwenda kule. Mzunguko hauna mbele na nyuma. Una ukamilifu au hauna.

Uhusiano huo, kwamba msukumo uleule ukikutana na ukinzani mkubwa mkondo unapungua, aliuandika Georg Ohm mwaka 1827. Kwa kanuni yake, ukinzani ukiongezeka mara mbili mkondo ushuke hadi nusu. Wetu haukushuka hadi nusu: balbu moja ilikuwa ampea 0.3 na kitu, mbili ni 0.22. Ohm hakukosea. Kiuzi cha balbu ni tungsteni, na tungsteni ikipoa kidogo ukinzani wake unashuka, kwa hiyo balbu zilizofifia zilikuwa zinakinza kidogo kuliko zikiwa kali. Vitabu vya shule vinaruka jambo hili, na sivilaumu, ila mwanafunzi anayepima kwa mikono yake atalikuta akadhani amekosea.

Mnyororo unaeleza swichi pia. Mnyororo ukikatika popote, mbele au nyuma, baiskeli yote imekwisha. Swichi ni mahali palipoandaliwa kwa ajili ya kukatika. Na hapa mfano wa bomba unaanguka kabisa: kata bomba, maji yanamwagika barabarani, kata waya wa tochi, hakuna kinachomwagika. Kunguru wa Posta wanalijua hilo bila kwenda shule. Wanajipanga juu ya waya mmoja wasidhurike, kwa sababu hakuna njia ya kurudi inayopitia miguuni mwao. Hatari ni pale ndege, au mtu, anapogusa waya na kitu kingine kwa wakati mmoja, akawa yeye ndiye kipande kilichokuwa kinakosekana.

Nyumbani, taa ya jikoni ukiizima ya sebuleni haizimiki, kwa kuwa kila taa ina mzunguko wake unaoanzia na kurudi pale pale. Minyororo mingi, pedali moja. Basi.

Mfano una mipaka, na niseme ulipo. Mnyororo unabeba nguvu ndani ya chuma chake. Kwenye umeme, nishati haipandi mgongoni mwa elektroni kama abiria wa bodaboda. Inasafiri kwenye uga wa umeme na sumaku, yaani eneo la nguvu hizo linalouzunguka waya. Jinsi bora ya kumweleza hilo mtoto bado inawagawa hata walimu wa fizikia, na mimi barazani sikujaribu.

Nilichojaribu ni kumwambia mwendo, na hapo ndipo aliponitazama kama nimechanganyikiwa. Kwenye waya mwembamba wa shaba wa tochi yetu, wenye eneo la mkato la nusu milimita ya mraba na mkondo wa ampea 0.3, elektroni husogea kwa wastani milimita 0.04 hivi kwa sekunde. Kama sentimita 16 kwa saa. Konokono anaipita na kuisahau. Huo ni wastani wa safari. Elektroni moja moja inahangaika ndani ya shaba kwa kasi kubwa mno, huku na huku bila kufika, kama mtu anayetafuta bei nafuu Kariakoo. Kinachokimbia ni ule msukumo, na katika nyaya za kawaida unakwenda kwa sehemu kubwa ya kasi ya mwanga. Ampea moja ni elektroni zaidi ya bilioni bilioni 6 kila sekunde kupita mahali pamoja, na bado zinatambaa. Ni kwamba ziko nyingi.

Umeme wa nyumbani ni wa ajabu zaidi, kwa kuwa hauendi upande mmoja. Nenda Kivukoni uangalie maji pale panapopita pantoni. Bahari ikijaa mkondo unaingia ndani, ikipwa unatoka, na maji yanayocheza pale mlangoni ni yale yale kwa sehemu kubwa. Umeme wetu unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Kwa balbu ya kizamani ya wati 60, katika waya wa milimita 1.5 za mraba unaotumika sana kwenye taa, elektroni inayumba ndani ya kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Haiendi popote. Kwenye transfoma ya nguzoni nako koili mbili hazigusani. Zinapeana msukumo kwa sumaku tu, kwa hiyo hata elektroni ya Rufiji yenye subira kuliko zote isingevuka kuja kwako.

Ndiyo maana nasema za kwako zilitoka Kariakoo. Ulipolipia waya, ulizilipia. Bomba likikatiwa maji ya Ruvu kwa siku tatu linakauka, na yakirudi linakoroma kwanza kwa hewa. Waya haukauki na haukoromi.

Basi LUKU inauza nini? Inauza nishati. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, yaani balbu ya wati 10 kwa saa 100, au pasi ya wati 1,000 kwa saa moja. Tunamlipa mtu wa kukanyaga pedali. Mnyororo ni wetu. Tatizo liko kwenye neno. "Umeme" kwa Kiswahili ni mmweko wa angani wakati wa mvua, ni mkondo, ni nishati, na mwisho wa mwezi ni deni. Anayesema umeme umeisha hajakosea, kama anamaanisha nishati. Mimi nilikuwa namaanisha vyote vinne kwa pamoja.

Mtoto alinisikiliza, halafu akaokota betri moja kuukuu iliyokuwa kwenye rimoti. "Na hii? Hii imeishiwa elektroni?"

Nayo hapana. Betri iliyokufa ina elektroni nyingi sawa na mpya. Kilichoisha ni kemikali zilizokuwa na hamu ya kugeuka kuwa kitu kingine: zinki ya ndani imeshaliwa vya kutosha, na hakuna tena wa kusukuma. Ukitaka mlaji na chakula, hapo ndipo walipo, ndani ya betri, si kwenye balbu.

"Basi zina uzito sawa," akasema, na kabla sijajibu alishatoka mbio na betri mbili, mpya na kuukuu, hadi dukani kwa Mangi. Aliziweka moja baada ya nyingine kwenye mizani ya sukari. Sindano ilisimama palepale mara zote mbili. Mizani ile, nijuavyo, haitofautishi hata gramu kumi, kwa hiyo ushahidi wenyewe ni hafifu. Mangi akauliza kama tunanunua au tunapima tu.