Uganga unafanya kazi? Uganga upi?

Swali hili halikosekani msibani wala kijiweni: uganga unafanya kazi, haufanyi? Mmoja ataapa kwamba shangazi yake alinyanyuka kitandani baada ya hospitali kushindwa. Mwingine atasema huo ni ujinga wa kizamani. Watabishana hadi koo ziwakauke, na sababu ni kwamba kila mmoja ana kitu chake kichwani anapolitamka neno lile lile.

Maana yenyewe haina ugumu. Uganga ni kazi ya kuganga, yaani kutibu na kuondoa masaibu, ndiyo maana hata daktari mkuu wa serikali ya Tanzania cheo chake ni Mganga Mkuu wa Serikali. Uchawi ni kumdhuru mtu kwa siri kwa nguvu zisizoonekana. Hapo wengi hawapotei.

Wanapopotea ni ndani ya uganga wenyewe. Kilinge kimoja, mganga mmoja, lakini kazi zake ni tatu: dawa, tambiko na ramli. Katika tambiko naweka humo humo kafara, hirizi, kombe na kupunga majini. Swali la kufanya kazi lina majibu matatu, na anayejibu kwa mkupuo mmoja lazima akosee mahali.

Dawa ndiyo rahisi. Mzizi au gome likiwa na kemikali inayoua kimelea, litaua, awe amelichimba mganga au mfamasia. Dawa ya malaria iitwayo artemisinini ilitokana na mmea wa tiba ya jadi ya China, na mwanasayansi Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002. Mzizi usiofaa nao upo, na wenye sumu upo. Unapimwa, basi.

Tambiko ndilo lenye mambo. Chukua kombe la pwani. Mwalimu anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, herufi kwa herufi, mgonjwa akimtazama. Kisha anaziosha kwa maji ya marashi, yale maji ya manjano yanamiminwa kikombeni na mgonjwa anakunywa. Ukiyapeleka maabara utapata zafarani na marashi. Lakini mtu aliyekaa wiki nzima na hofu kifuani ameketi na mzee anayemheshimu, ameombewa, amesikilizwa, na jamaa zake wamemzunguka. Anatoka pale, na usiku ule analala usingizi wa kwanza kwa siku nyingi. Hilo ni tokeo la kweli, na anayelikana hajawahi kuuguza.

Tena limepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha majaribio kwa wagonjwa 80 wenye tumbo la kusokota lisiloisha. Baadhi walipewa vidonge na kuambiwa waziwazi kwamba havina dawa yoyote ndani. Asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wasiopewa kitu. Kuhudumiwa, kwa utaratibu wake na matumaini yake, kunagusa maumivu, hofu, usingizi na kichefuchefu. Hakuyeyushi uvimbe wa saratani.

Sasa kumbuka Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa kijijini Samunge akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, magari yamepangana kwa kilomita nyingi porini. Wengi walibishana kuhusu mti, mugariga, una nini ndani yake. Lakini Babu mwenyewe alisema kikombe kinaponya kikitoka mkononi mwake tu. Mzizi wa dawa haujali mkono wa nani umeuchemsha. Kwa kauli hiyo alikuwa ametuambia wazi kwamba kile kilikuwa tambiko, na tungemsikia tungejua pia kipi cha kutarajia: faraja, nguvu ya kurudi nyumbani, pengine maumivu kupungua. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kudhani wamekunywa dawa nyingine ya namna ile ile. Hao ndio wanaoniuma.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao kwenye historia yetu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo, pamoja na mtama na mbarika, yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wamatumbi waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu Julai 1905, vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliiendea boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Maji hayakuzuia risasi hata moja. Lakini watu wa lugha na machifu tofauti, ambao hawakuwahi kuwa na amri moja, walisimama pamoja kutoka Matumbi hadi Ungoni kwa sababu wamekunywa na kunyunyiziwa maji yale yale. Tambiko lilifanya kazi kwa waliolishiriki. Kwa chuma cha Mjerumani halikuwa na la kufanya. Mpaka wa tambiko uko hapo, na ulilipiwa kwa makumi ya maelfu ya roho.

Mtu ataniambia: miiko ilivunjwa. Ndiyo jibu la kila kilinge. Ukipona, dawa imekubali; usipopona, ulikula kilichokatazwa au ulilala na mtu. Kitu kisichoweza kushindwa kwa hali yoyote hakiwezi pia kusemwa kwamba kimeshinda.

Imebaki ramli. Hii haigangi chochote. Kazi yake ni kujibu "kwa nini mimi?" Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wazande wa Sudan miaka ya 1920, alieleza jinsi ghala la nafaka lilivyoweza kuanguka na kuua waliokaa kivulini. Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Swali hilo ni la kibinadamu kabisa, ila likishaulizwa kwa mpiga ramli linadai jina. Naye hatoi jina kavu. "Namwona mwanamke, mtu mzima, mnapakana naye." Mteja ananyamaza, anameza mate, halafu anamtaja mwenyewe.

Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa majina ya namna hiyo, wakishukiwa kwa macho mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa miaka yote ya kupikia kinyesi cha ng'ombe. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa maagizo ya kutafuta utajiri. Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku, ilitumia maneno sahihi: ramli chonganishi.

Kwa hiyo ndugu akija na habari kwamba mganga amemtaja mama fulani jirani, usimwambie uganga ni uongo. Atakumbuka mizizi iliyomponya kikohozi na kombe lililomtuliza mwanawe, atakuona hujui kitu. Mwulize umepewa dawa gani, umefanyiwa nini. Kisha mrekebishe taratibu: hapo alipotaja jirani hakuwa anaganga, alikuwa anapiga ramli.