Watoto wa Mbwa Wanaokataa Chakula Kigumu: Maswali na Majibu

Mfugaji hutazamia kwamba mtoto wa mbwa akifikisha wiki tatu au nne ataisogelea sahani mwenyewe na kuanza kula, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Majibu yafuatayo yanawahusu wale ambao hukinusa chakula, wakakikanyaga, kisha wakarudi kwenye chuchu za mama yao, pamoja na wale wachache ambao kukataa kwao ni dalili ya ugonjwa.

Mtoto wa mbwa huwa tayari kuanza chakula kigumu akiwa na umri gani?

Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na umri wa siku 10 hadi 14, na meno yake ya utotoni, ambayo jumla yake ni 28, huanza kuchomoza katika wiki ya tatu. Huo ndio wakati anapoanza kutembea bila kuyumba sana, kumramba mama yake mdomoni na kunusanusa chakula chake. Kwa kawaida huonjeshwa chakula laini kati ya wiki ya tatu na ya nne, na huacha kunyonya kabisa kati ya wiki ya sita na ya nane. Ratiba hii inatokana na mwili wa mama pia: maziwa yake hufikia kilele katika wiki ya tatu au ya nne tangu azae, kisha hupungua huku mahitaji ya watoto yakizidi kukua. Hata hivyo, watoto wa uzao mmoja hawaanzi kula siku moja, na si ajabu mmoja akale kwa pupa ilhali nduguye akakawia kwa siku kadhaa.

Watoto wangu wamefikisha wiki nne na hawataki hata kuonja. Je, ni jambo la kutia hofu?

Jibu linapatikana kwenye mizani, wala si kwenye sahani. Mtoto anayekataa chakula kigumu lakini uzito wake unapanda kila siku anashiba maziwa, na kwa wakati huo hana sababu ya kutafuta kitu kingine. Mtoto anayekataa chakula huku uzito wake umesimama au unashuka ni suala tofauti kabisa, hata kama anaonekana mchangamfu. Jicho la mfugaji hudanganyika kwa urahisi, kwa kuwa manyoya huficha mbavu na tumbo lililojaa minyoo hufanana na tumbo lililoshiba.

Kwa hiyo wapime kwa mizani ya jikoni mara moja kila siku, saa ileile, kabla ya kuwalisha, na uandike uzito wa kila mmoja. Ikiwa wanafanana, wafunge utepe laini wa rangi tofauti shingoni na uulegeze kila wanapokua. Asiyeongezeka uzito kwa siku nzima anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Aliyepungua anahitaji kuonwa na daktari wa mifugo.

Idadi ya watoto nayo ina maana yake. Mbwa aliyezaa watoto wawili au watatu huwa na maziwa ya kuwatosha na kubaki, na watoto wa namna hiyo ndio wanaochelewa zaidi kuijali sahani. Kwao, kuchelewa kwa wiki moja hakuna madhara iwapo mama ni mzima na uzito unapanda.

Ukiondoa shibe ya maziwa, ni nini kingine kinachowafanya wakatae?

Mara nyingi tatizo ni chakula chenyewe au namna kinavyowekwa mbele yao. Chakula baridi hakitoi harufu ya kutosha, na mtoto wa mbwa huongozwa na pua kabla ya kitu kingine chochote. Chakula kizito humkwama mdomoni, kwa sababu ulimi wake umezoea kunyonya na bado haujajifunza kuramba. Bakuli lenye kingo ndefu humzuia kukifikia, na sakafu inayoteleza humfanya ashughulike na kusimama badala ya kula. Wapo pia wanyonge wanaosukumwa na ndugu zao na ambao, baada ya kuangushwa mara mbili tatu, hukiona chakula kama mahali pa vurugu.

Harufu isiyojulikana ni kizuizi kingine. Watoto wa mbwa huanza kuzoea harufu za chakula cha mama yao wakiwa bado tumboni, na baadaye kupitia maziwa, hivyo hukikubali kwa urahisi chakula kinachonukia kama kile anachokula mama. Hii ni sababu nzuri ya kumlisha mama chakula maalumu cha watoto wa mbwa katika wiki za mwisho za mimba na wakati wote wa kunyonyesha. Naye anakihitaji, kwa kuwa kina nguvu na protini nyingi kuliko chakula cha kawaida cha mbwa mkubwa.

Chakula cha kwanza kiandaliwe vipi?

Chukua sehemu moja ya chakula kikavu cha watoto wa mbwa na sehemu tatu za maji ya uvuguvugu, kiache kilowe hadi kilainike chote, kisha kiponde kiwe uji mwepesi usio na mabonge. Maziwa maalumu ya watoto wa mbwa yanaweza kutumika mahali pa maji. Joto linalofaa ni lile la mwili, yaani nyuzi 37 au 38 za Selsiasi. Ukidondosha tone kwenye kifundo cha mkono, usihisi moto wala baridi. Wape mara nne kwa siku, na baada ya kila siku chache upunguze maji kidogo, ili kufikia wiki ya saba au ya nane waweze kutafuna punje kavu. Maji safi ya kunywa yawepo tangu siku ya kwanza ya uji, katika chombo kifupi ambacho mtoto hawezi kutumbukia.

Nimefanya yote hayo na bado hawataki. Nifanyeje?

Anza na mama. Mtoe chumbani saa moja au mbili kabla ya mlo, ili watoto wawe na njaa ya kiasi. Nasisitiza neno kiasi, kwa sababu wako wanaoshauri mama afungiwe mbali siku nzima hadi watoto washindwe na njaa wale. Ushauri huo si mzuri. Mtoto mchanga ana akiba ndogo sana ya sukari mwilini, na njaa ya muda mrefu humdhoofisha kabla ya kumfundisha lolote, huku mama naye akivimba matiti. Mlo ukiisha, mrudishe mama. Watoto wanyonye, naye amalizie uji uliobaki.

Watoto wanapokuwa na njaa hiyo ya kiasi, chovya kidole safi kwenye uji na umpake mtoto kidogo sana mdomoni, upande wa mbele. Ataramba kwa kujisafisha tu, na hapo ndipo atakapoijua ladha. Akianza kukinyonya kidole, kishushe taratibu hadi kigusane na uji ulio kwenye sahani, ili mdomo wake uufuate. Anaweza kufanya hivyo mara kadhaa bila kuelewa, kisha ghafla akaramba mwenyewe. Sahani iwe bapa na nzito, isiyosogea anapoikanyaga, kwani kuikanyaga ataikanyaga. Wanyonge walishwe kando au pamoja na ndugu mmoja mpole, na wasioonyesha hamu kabisa waachwe wamtazame mama akila chakula kilekile karibu nao. Si jambo geni kwa mama mwenyewe kucheua chakula mbele ya watoto wa umri huu ili wale. Usimwadhibu, maana hiyo ndiyo njia ya asili ya kuwaachisha kunyonya.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mfugaji akibadilisha chakula, sahani, chumba na saa ya kulisha kwa siku moja, hatajua kilichosaidia, na watoto nao watakuwa wamevurugika. Kila jaribio lisizidi dakika 20; baada ya hapo ondoa sahani, ioshe, na ujaribu tena mlo unaofuata. Uji uliokaa kwenye joto kwa muda mrefu huchacha na kuzalisha bakteria.

Yako mambo mawili ambayo hayafai kabisa. La kwanza ni kumkandamiza mtoto pua kwenye uji, kwani ukiingia puani humtisha na huweza kumpalia. La pili ni kumsukumia chakula kooni kwa bomba la sindano ilhali hakimezi, kwa sababu chakula kinachoingia kwenye mapafu husababisha nimonia, na nimonia humwua mtoto wa mbwa upesi kuliko kuchelewa kula.

Naweza kutumia maziwa ya ng'ombe kuchanganyia uji?

Haifai. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, ilhali sukari ya maziwa, yaani laktosi, iko zaidi katika maziwa ya ng'ombe. Matokeo yake ni mtoto anayejaza tumbo bila kupata lishe ya kutosha na ambaye huenda akaharisha. Vilevile usiongeze unga wa kalsiamu kwenye chakula kilichokwisha kutengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Kwa mbwa wa maumbo makubwa hasa, kalsiamu iliyozidi huharibu ukuaji wa mifupa.

Kinyesi kimekuwa laini tangu waanze kula. Ni kawaida?

Kulainika kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, kwa sababu utumbo unazoea vyakula vipya. Kinyesi cha majimaji, chenye damu au chenye harufu kali isiyo ya kawaida si sehemu ya kuzoea.

Nitatambuaje kwamba anayekataa kula ni mgonjwa?

Mtoto aliyeshiba maziwa hulala kwa utulivu, huamka akacheza, na hunyonya kwa nguvu. Mgonjwa hujitenga na wenzake, hulia mfululizo au hunyamaza kabisa, hunyonya kwa udhaifu au huacha kunyonya. Huyu wa mwisho, anayekataa uji na maziwa kwa pamoja, asisubiriwe hadi kesho.

Minyoo ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Minyoo aina ya Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa tumboni, na baadaye kupitia maziwa, kwa hiyo hata mtoto aliyezaliwa mahali safi kabisa anaweza kuwa nayo. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza kutolewa katika umri wa wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kwa kipimo kinacholingana na uzito na kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Minyoo hii huambukiza binadamu pia, watoto wadogo hasa, hivyo kinyesi kiondolewe kila siku na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kutapika pamoja na kuharisha damu huashiria hatari kubwa, ikiwemo ugonjwa wa virusi vya parvo, ambao chanjo yake huanza katika wiki ya sita hadi ya nane. Maziwa yanayotoka puani wakati wa kunyonya yanaweza kuonyesha kaakaa lililopasuka. Fungua mdomo uangalie kwa mwanga mzuri. Mtoto anayetetemeka, anayelegea au anayeshikwa na degedege huenda ameishiwa sukari, na hilo huwapata zaidi mbwa wa maumbo madogo sana. Mpake maji yenye sukari kwenye ufizi, mfunike apate joto, na umkimbize kwa daktari. Aliyepoa mwili asilishwe kabla ya kupashwa joto taratibu, kwa kuwa tumbo la mtoto aliyepoa halisagi chakula.

Vyakula gani visiwafikie kabisa?

Chokoleti, vitunguu vya aina zote pamoja na vitunguu saumu, zabibu mbichi na kavu, kitu chochote kilichotiwa utamu wa zailitoli, na mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha.

Mama aangaliwe vipi wakati huu?

Meno ya watoto humchoma, na mara nyingi yeye mwenyewe huanza kusimama au kuondoka wanapomng'ang'ania. Mruhusu aondoke, na awe na mahali pa kupumzika ambapo hawawezi kumfikia. Kadiri watoto wanavyokula zaidi, mpunguzie chakula hatua kwa hatua ili maziwa yakauke taratibu. Titi lililo gumu, lenye moto, lenye maumivu au lililobadilika rangi ni dalili ya uvimbe wa titi unaohitaji tiba. Akianza kuhema kwa kasi, kutetemeka na kutembea kwa kukakamaa, huenda kalsiamu imeshuka katika damu yake. Hali hiyo hutokea zaidi katika wiki za mwanzo za kunyonyesha na humwua mbwa isipotibiwa mara moja. Watoto waondolewe kwake na apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo.

Ni lini mtoto aliyechelewa kula anaweza kwenda kwa mlezi mpya?

Asiondoke kabla ya wiki nane, na kwa aliyesumbua kula, awe amekula chakula kigumu peke yake kwa siku kadhaa mfululizo bila uzito kushuka. Mlezi mpya apewe chakula kilekile alichozoea pamoja na ratiba ya milo yake. Akitaka kukibadilisha, asubiri kwanza mtoto atulie, kisha achanganye kipya na cha zamani, akiongeza kipya kidogokidogo kwa muda wa siku saba.