Beetle haina rejeta: kupanda Kitonga na jua la utosi

Kila nikisimama Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima wa Kitonga kwenye barabara ya Iringa, lazima kijana mmoja aje mbio na dumu la maji. Ameona Volkswagen Beetle ya zamani, kifuniko cha nyuma kiko wazi, joto linapanda. Kwake gari limechemsha. Namwambia halina rejeta, anacheka, naishia kununua vitunguu.

Injini hii inapozwa na hewa, si maji. Feni inazungushwa na mkanda uleule wa dainamo inayochaji betri. Inavuta hewa kupitia matundu ya chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma kwenye boksi la bati linaloigawia silinda nne na kipozeo cha oili, kisha hewa inatokea chini ya gari ikiwa moto. Baridi juu, moto chini. Kinachozitenganisha ni mabati na mpira unaoizunguka injini.

Hapo ndipo magari mengi ninayoletewa yameharibiwa. Fundi asiyezijua hizi anashusha injini, akiirudisha anabakiwa na vipande viwili vitatu vya bati na mpira uliokauka, anavitupa. Gari linawaka, mwenye gari analipa, wanaagana. Tangu siku hiyo feni inameza moto wake yenyewe. Mizunguko ya Kariakoo haitakuonyesha. Utajua bondeni, saa nane mchana. Wazee hunikumbusha kwamba Tommy Fjastad alishinda Safari Rally ya 1962 kwa Beetle. Sawa, lakini lile lilikuwa halijapita gereji kumi.

Silinda ya kwanza kufa huwa namba tatu. Kwenye modeli za kabla ya 1971, kipozeo cha oili kimesimama ndani ya boksi la feni, juu ya silinda hiyo, kikiipunguzia hewa. Valvu ya ekzosi ikikatika kichwa pale, pistoni imekwisha. Ndiyo maana napima tapeti, yaani mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma, kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi kabisa, naweka milimita 0.15. Tapeti ikibana, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kiti hicho ndiyo njia yake kubwa ya kutolea joto.

Oili ni lita mbili na nusu tu, chujio lake ni wavu wa waya. Ikipungua, joto halina pa kwenda. Sibani matumizi hapo.

Kitonga napanda kwa gia ya pili, nikikwama nyuma ya lori, gia ya kwanza. Madereva wengi hung'ang'ania gia kubwa eti injini isiteseke. Feni haina mota yake. Injini ikizunguka polepole nayo inazembea, huku mguu umezama kwenye mafuta na moto unazidi. Acha injini ilie.

Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka, simama papo hapo. Huenda mkanda umekatika, maana yake feni imesimama. Usiseme nitafika sheli ya mbele. Mimi hubeba mkanda wa akiba, spana ya 21 na bisibisi.

Juu kabisa sizimi ghafla. Naiacha iungurume taratibu dakika moja au mbili. Ukizima ghafla, feni inasimama na joto linaipanda pampu ya petroli, petroli inageuka mvuke, gari linakataa kuwaka. Likikataa, ndipo dumu la yule kijana lina kazi: nalowesha kitambaa, nakizungushia pampu, nasubiri kivulini. Kwenye silinda simwagi hata tone.