Dawa ya kutuliza hofu ya kung'oa jino si nusukaputi

Wengi wanaomwogopa daktari wa meno huamini njia ni mbili tu: kuvumilia, au kulazwa usingizi mzito kwa nusukaputi. Katikati kuna dawa za kutuliza, na anayepewa kwa kawaida hubaki macho, anapumua mwenyewe na kujibu akiulizwa.

Nyepesi zaidi ni naitrasi oksaidi, "gesi ya kucheka" (jina hilo limeipa sifa mbaya bure). Huchanganywa na oksijeni na kuvutwa puani. Ikizimwa, akili hurudi sawa baada ya dakika chache. Si jambo geni: mwaka 1844 Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe akiwa ameivuta.

Kuna vidonge pia, kama diazepamu, na midazolamu inayopitishwa kwenye mshipa. Nadhani hii ya mwisho ndiyo inayozaa uvumi, kwa sababu hufuta kumbukumbu. Mtu aliyekuwa akifungua mdomo kila alipoambiwa hurudi nyumbani akiapa kwamba alilala fofofo. Huyo lazima awe na msindikizaji, na asiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24.

Ila ganzi bado huchomwa. Dawa hizi hupunguza hofu. Maumivu ya jino huzuiwa na ganzi, na ukishatulia sindano yake haikutishi sana. Kabla ya kupewa, taja ujauzito, pombe, tatizo la kupumua na kila dawa unayotumia.