Kanisa la Episkopali: askofu hampangii kasisi kituo

Kwa kuwa "Episkopali" latokana na neno la Kigiriki la askofu, wengi hudhani huko Marekani askofu ndiye anayeamua kasisi gani aende mji upi. Sivyo. Kanisa hili ni la Waanglikana wa Marekani, ila parokia inayojitegemea humtafuta kasisi wake yenyewe: vestri, yaani halmashauri ya walei waliochaguliwa na waumini, huwahoji waombaji na kumwita mmoja. Askofu hushirikishwa na kuridhia.

Ndiyo maana mji mdogo waweza kukaa mwaka mzima bila kasisi, na Jumapili mambo yakaenda: mlei anaongoza Sala ya Asubuhi, mhazini anahesabu sadaka, kahawa inachemka ukumbini. Na paa likivuja? Vestri hiyohiyo ndiyo inayokuna kichwa.